Losheni ya Waridi na Serumu ya Buluu: Tathmini ya Madini Yanayouzwa kwa Jina la Ngozi

Katika duka la dawa ninalonunua mahitaji yangu hapa Tanga, losheni ya kalamaini huwekwa rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu, chupa zake zikiwa na vumbi mabegani. Juu, usawa wa macho, ndani ya kabati la kioo lenye taa, zimepangwa chupa ndogo za serumu zinazotangaza shaba, zinki, seleniamu na madini ya bahari. Chupa ya chini niliipata kwa shilingi elfu nne. Ile ya juu, yenye mililita 30 tu, ilinigharimu zaidi ya mara kumi ya hapo, na muuzaji aliifunga kwenye mfuko wa karatasi nzuri kana kwamba ni zawadi ya harusi.

Nilichukua zote mbili, nikaongeza krimu ya zinki ya watoto, losheni ya kukinga jua, shampuu yenye seleniamu na kopo la vidonge vya "nywele, ngozi na kucha". Kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya kaskazi ambayo joto na jasho la pwani huitesa ngozi ya kila mtu nyumbani kwetu, tulizitumia kwa zamu, kila bidhaa kwa kazi iliyoandikwa kwenye lebo yake. Majina ya kampuni nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa nyingi ya bidhaa hizi hutengenezwa na viwanda vingi kwa kanuni zinazofanana, na kinachomhusu mnunuzi ni dutu iliyomo, kiasi chake na kazi inayoweza kufanya.

Madini tunayoyazungumzia hapa ni yale ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana. Mwili mzima wa mtu mzima una takribani gramu 2 za zinki, na shaba ni kama sehemu ya ishirini ya hapo. Hata hivyo ngozi peke yake hubeba kama asilimia 5 ya zinki hiyo, hasa katika tabaka la juu, kwa sababu chembe za ngozi hugawanyika mchana na usiku na zinki ni ya lazima katika kazi hiyo. Mtoto anayezaliwa na kasoro ya kurithi inayozuia utumbo kufyonza zinki hupata vidonda vyekundu kuzunguka mdomo, sehemu za siri, mikono na miguu, pamoja na kuharisha na kunyonyoka nywele, na akipewa zinki kwa mdomo vidonda hivyo hukauka ndani ya siku chache. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba madini haya yana kazi katika ngozi. Ubishi unaanza pale mtu anapoyatia kwenye chupa na kusema kwamba, ukiyapaka kwa nje, yatafanya kazi ileile yanayoifanya kwa ndani.

Nianze na kalamaini, ambayo ndiyo niliyoitumia zaidi, kwa kuwa mjukuu wangu alishikwa na tetekuwanga wiki ya pili ya Januari. Kwa kanuni ya kitabu cha dawa cha Uingereza, ambayo ndiyo inayoandikwa kwenye chupa nyingi za hapa kwetu, losheni hii ina asilimia 15 ya kalamaini na asilimia 5 ya zinki oksidi. Kalamaini yenyewe ni kaboneti ya zinki iliyotiwa rangi kwa oksidi ya chuma kidogo, na oksidi hiyo ni ndugu wa kutu; ndiyo inayoipa losheni waridi lake. Vilivyobaki ni maji, gliserini, udongo laini wa kuzuia unga usizame haraka, na fenoli kidogo.

Inafanya kazi gani? Maji yake yanapokauka hupoza ngozi, unga wa zinki hunyonya unyevunyevu na kukausha malengelenge, na muwasho hupungua kwa muda wa saa moja hadi mbili, muda unaomtosha mtoto kupata usingizi. Haiui virusi wala haifupishi ugonjwa hata kwa siku moja, na nilimweleza hivyo mama yake mtoto aliyekuwa akiipaka kila baada ya dakika ishirini kwa kudhani kwamba wingi utaharakisha uponyaji. Kwa harara ya joto shingoni na mgongoni ilitusaidia sana, na kwa kuumwa na mbu au siafu sijaona kitu cha bei yake kinachoishinda.

Kasoro zake ni za kweli na zinaudhi. Isipotikiswa vizuri unapaka maji matupu wiki ya kwanza na tope zito wiki ya mwisho. Inaacha ganda la waridi linalopukutika kwenye shuka. Tena inakausha mno: mwanangu mwenye ukurutu aliijaribu kwenye kunjo za viwiko, na siku ya tatu ngozi ikaanza kupasuka, jambo lililonikumbusha kwamba ukurutu mkavu unataka mafuta na haukubaliani na dawa ya kukausha. Haipakwi karibu na macho wala ndani ya mdomo, na kidonda kilicho wazi kinachotoa majimaji si mahali pake. Pamoja na hayo yote, nitainunua tena.

Krimu ya zinki ya watoto ni binamu yake, lakini inafanya kazi kwa njia tofauti. Hapa zinki oksidi imechanganywa na mafuta, na kwa kuwa haiyeyuki katika maji hubaki juu ya ngozi kama ukuta kati ya ngozi na mkojo. Kiasi cha zinki hutofautiana sana, na kwenye rafu moja niliona krimu ya asilimia 10 ikiuzwa karibu sawa na ya asilimia 40. Asiyesoma lebo hulipia mafuta akidhani analipia zinki. Yenye asilimia ndogo inatosha kwa kinga ya kila siku, na ile nzito ni ya mtoto aliyekwisha kuchubuka. Jirani yangu aliitumia ile nzito kwa mtoto wake wa miezi mitano, wekundu wa nepi ukaisha kwa siku nne, ingawa kanga zake mbili zilipata madoa meupe ambayo hayakutoka kwa sabuni wala jua. Ushauri mmoja tu: wekundu ukiwa na vipele vidogo vilivyosambaa pembeni yake, hasa kwenye mikunjo ya mapaja, huenda ni fangasi, na hapo zinki peke yake haitafua dafu, mtoto apelekwe zahanati.

Zinki oksidi hiyohiyo ndiyo msingi wa losheni nyingi za kukinga jua, na hapa inastahili sifa kubwa kuliko inayopewa. Huzuia miale ya jua inayounguza na ile inayoingia ndani zaidi na kuizeesha ngozi, na mara chache sana humletea mtu mzio. Wanaohofia kwamba chembe zake ndogo mno hupenya hadi kwenye damu wanaweza kutulia kidogo: watafiti wa Australia waliwapaka watu losheni yenye zinki iliyowekewa alama maalumu, wakawaweka ufukweni kwa siku tano, na kiasi walichokikuta baadaye katika damu kilikuwa kidogo sana kikilinganishwa na zinki ambayo tayari imo mwilini.

Tatizo la losheni niliyonunua ni la rangi. Nilipaka kiasi kinachoelekezwa, nikatoka kwenda sokoni Mgandini, na muuza nazi akaniuliza kama natoka kusaga unga. Watengenezaji wengi huandika kwamba losheni "haionekani" bila kusema haionekani kwenye ngozi ya nani. Dawa ya kasoro hii ni oksidi ya chuma, ile inayoipa kalamaini waridi lake: ikitiwa kwa vipimo mbalimbali hutoa rangi ya udongo, ya kahawia au ya kahawa iliyokolea, na faida yake haiishii kwenye mwonekano. Mabaka meusi ya mashavuni yanayowapata wanawake wengi baada ya ujauzito huchochewa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na zinki oksidi tupu haizuii mwanga huo vya kutosha, lakini oksidi ya chuma huuzuia. Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi anayepambana na mabaka hayo atafute losheni iliyotiwa rangi inayoelekea ngozi yake, na akiikosa mjini kwake, kama nilivyoikosa mimi, kofia pana na mtandio vina kazi kubwa kuliko losheni ya bei ghali iliyokaa kwenye begi kwa aibu ya weupe.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, losheni ya kukinga jua ni suala la uhai, kwa kuwa saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao, nao huigawa kupitia kliniki bila malipo. Mwenye mtoto mwenye ualbino aulizie hospitali ya mkoa kuhusu kliniki hizo kabla ya kutumia fedha zake kwenye kabati la kioo.

Sasa serumu ya buluu. Rangi yake ni ya shaba, na ni nzuri kuitazama. Nakiri kwamba kwa wiki ya kwanza niliifungua mara nyingine kuitazama tu. Shaba imo humu ikiwa imeshikamana na kipande kidogo cha protini chenye viungo vitatu, ambacho mtaalamu wa Marekani Loren Pickart alikitambua katika damu ya binadamu mwaka 1973. Dai la wauzaji wa serumu hii lina mantiki. Kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni na elastini, zile zinazoipa ngozi uimara na mnepo, hakifanyi kazi bila shaba. Maabarani, chembe za ngozi zikipewa mchanganyiko huu hutengeneza kolajeni zaidi. Majaribio kwa watu, hata hivyo, ni machache na madogo.

Chupa yangu haikuandika kiasi cha shaba mahali popote, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Lakini ipo njia ya kukisia. Kwa kawaida viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kwa kilicho kidogo, mpaka kufika asilimia 1; baada ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Dutu ya kuzuia kuoza iitwayo phenoxyethanol hairuhusiwi kuzidi asilimia 1 kwa sheria za Ulaya, kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada yake hakiwezi kuwa kingi. Kwenye chupa yangu shaba ilikuja baada ya phenoxyethanol, baada ya manukato, na baada ya rangi. Ndiyo, rangi, kumbe hata ubuluu ule nilioutazama kwa mapenzi haukuwa wote wa shaba. Kwa haki niseme kwamba dutu hii hufanya kazi, kama inafanya, kwa kiasi kidogo, na nafasi ya chini kwenye orodha si ushahidi kwamba haina maana. Ila mtu anayeomba bei ya aina ile anapaswa kuniambia ananiuzia kiasi gani.

Baada ya wiki kumi na mbili za kupaka upande mmoja wa uso asubuhi na jioni, na upande wa pili mafuta ya kawaida tu, binti yangu na dada yangu walitazama pande zote mbili mchana kweupe, na kila mmoja akachagua upande tofauti kuwa ndio bora. Haikunidhuru, na inalainisha vizuri. Anayetumia serumu ya vitamini C asizipake kwa wakati mmoja, kwa kuwa shaba huiharibu vitamini hiyo.

Shaba ina kazi nyingine katika ngozi ambayo wauzaji wa serumu hawaitaji sana: ndiyo inayokiendesha kimeng'enya cha tirosinasi, kinachotengeneza melanini, yaani weusi wetu wenyewe. Na hapa lazima nitaje madini moja ambayo haikuwa kwenye orodha yangu ya manunuzi, lakini imo ndani ya makopo mengi yanayouzwa kwa siri mitaani. Zebaki hukizuia kimeng'enya hicho, na ndiyo sababu mkorogo "unafanya kazi" haraka kiasi cha kuwashangaza wanaouanza. Hupenya ngozi, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mtoto anayelala kifuani mwa mama aliyejipaka huipata pia. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulilenga kuziondoa sokoni krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni, na Tanzania na Kenya zimezipiga marufuku. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au lenye onyo la kutogusisha krimu na dhahabu na fedha, liachwe palepale lilipo.

Shampuu ya seleniamu sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kwamba inafanya kilichoandikwa. Ina salfidi ya seleniamu asilimia 2.5, inanuka kama yai lililooza, na huondoa yale mabaka ya kifuani na mgongoni ambayo wengi huyaita mba, yanayosababishwa na kuvu wapendao jasho na mafuta ya ngozi. Kijana wangu aliipaka mwilini dakika kumi kila siku kwa siku saba kisha akaoga. Magamba yaliisha, lakini rangi ilichukua karibu miezi miwili kurudi, na hilo ni la kawaida. Wengi huirudisha dawa dukani wakidhani imeshindwa, kumbe kuvu wameshakufa na ngozi inasubiri tu kujaza rangi. Vua pete na mikufu ya fedha kwanza, la sivyo itageuka nyeusi. Wala mtu asidhani kwamba hapa ngozi "inalishwa" seleniamu. Dutu hii hupakwa ili iue kuvu, kisha huoshwa.

Limebaki kopo la vidonge, na ndilo lililonifikirisha kuliko vyote. La kwanza nililoonyeshwa lilikuwa na miligramu 50 za zinki katika kila kidonge. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku, mwanamume 11, na kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni 40. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia utumbo kufyonza shaba, kiasi kwamba mtu anaweza kununua vidonge vya zinki asubuhi na serumu ya shaba jioni akiwa anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine. Nililirudisha, nikachukua lenye miligramu 10. Seleniamu inataka tahadhari zaidi. Mahitaji ni mikrogramu 55, ukomo ni 400, na dalili za kuizidisha ni kukatikakatika kwa kucha na kunyonyoka nywele, mambo yaleyale ambayo kopo linaahidi kuyatibu. Nchini Marekani mwaka 2008 kirutubisho cha maji kilichokosewa kiwandani, kikawa na seleniamu mara 200 ya iliyoandikwa, kiliwadhuru watu 201.

Je, zinki ya vidonge inasaidia chunusi? Kidogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, lenye wagonjwa 332, zinki iliwafaa kiasi cha asilimia 31 wakati minocycline, dawa ya kuua bakteria, iliwafaa asilimia 63. Kwa asiyeweza kutumia dawa hiyo, mjamzito kwa mfano, asilimia 31 si haba, ila aamuliwe na daktari.

Upungufu wa zinki kwa binadamu ulianza kushukiwa huko Shiraz, Iran, ambako daktari Ananda Prasad alieleza mwaka 1961 habari za vijana waliodumaa, waliokuwa wakila mkate usiochachushwa na kula udongo. Nafaka isiyochachushwa ina fitati, ambayo huishika zinki na kupita nayo hadi chooni. Niliposoma habari hiyo niliutazama unga wa dona jikoni kwangu kwa jicho lingine, nikaukumbuka na ule udongo wa kutafuna wanaoununua wajawazito kwa mafungu sokoni. Dona ina zinki nyingi kuliko sembe, lakini ina fitati nyingi pia. Uji wa unga uliochachushwa usiku mmoja, kama walivyoufanya bibi zetu, huifungua zinki hiyo. Nyama na dagaa huitoa kwa urahisi zaidi, na korosho na ufuta vina zinki na shaba kwa pamoja. Wazazi wengi tayari wanavijua vidonge vya zinki vya miligramu 20 ambavyo zahanati humpa mtoto anayeharisha kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvichumvi, na watoto hao ndio wenye sababu ya kweli ya kumeza zinki, kwa kuwa wameipoteza.

Kopo langu lilikuwa na vidonge 60. Nilivimaliza vyote, sikuona tofauti kwenye nywele wala kucha, na kidonge kilichomezwa bila chakula kilinitia kichefuchefu mara tatu. Kwa fedha za kopo lile muuzaji wa korosho wa Barabara ya Ishirini angenipimia kilo moja na kunirudishia chenji.